Dogo, Hilo Siyo la Kuchezea

Ukipita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi kuelekea Mwenge, ukaendelea na ile ya Bagamoyo hadi Tegeta, utaona namna wenye yadi za magari jijini Dar es Salaam wanavyopanga biashara yao. IST, Vitz, Noah na Harrier, magari yanayolipa kodi ya uwanja na mishahara ya walinzi, hukaa nyuma kwa mistari. Mbele kabisa, karibu na uzio, huegeshwa moja au mawili ya kugeuza shingo za watu: Subaru Impreza WRX ya buluu yenye rimu za rangi ya dhahabu, Crown Athlete nyeupe, Altezza iliyoshushwa, mara nyingine Toyota 86 au Nissan Fairlady Z. Gari hilo limewekwa pale kwa ajili ya kijana. Ndilo linalomshusha kwenye daladala kabla ya kituo chake. Lakini akishaingia getini, muuzaji yule yule aliyeliosha asubuhi na kuliegesha mbele humtazama kuanzia ndala hadi kofia, kisha huendelea kuchezea simu yake.

Naandika habari za magari, na malalamiko ninayoletewa na vijana kuhusu yadi hizi yanafanana kiasi kwamba siwezi kuyaita bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Wapo waliopuuzwa: waliuliza bei, wakaulizwa mzee yuko wapi. Wapo waliopokewa kwa mikono miwili, wakauziwa gari kabla jasho halijawakauka, na mwezi wa pili injini ikashushwa. Wengi huyachukulia haya kuwa mambo mawili tofauti. Kwangu ni jambo moja. Anayemdharau kijana asiyeonekana kuwa na fedha na anayemharakisha kijana aliyezionyesha wanaamini kitu kile kile: kwamba mtu wa umri ule hana swali la maana, na hata akiuliza, si lazima ajibiwe.

Mwaka jana mpwa wangu aliniomba nimsindikize kutafuta Impreza WRX. Ana miaka 26, anauza vioo na betri za simu Kariakoo tangu alipomaliza kidato cha nne, na fedha za gari alizikusanya mwenyewe kwenye mchezo na kwenye akaunti ya benki ambayo hata mama yake hakuijua. Mimi nilikwenda kama mjomba tu, kumpa mtoto wa dada yangu kampani. Tulipoingia yadi ya kwanza, muuzaji alininyooshea mimi mkono.

“Shikamoo mzee. Karibu sana, tukusaidie nini?”

“Marahaba. Mnunuzi ni huyu hapa.”

“Ahaa! Unamnunulia kijana. Hongera sana mzee, watoto wa siku hizi bila gari hawasomi.”

Funguo alinipa mimi. Boneti alinifungulia mimi. Mpwa wangu alipouliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, jibu lililetwa kwangu, tena kwa kicheko: “Dogo amesoma sana mitandaoni. Mzee, hili gari limetoka Japani moja kwa moja, halijaguswa na fundi wa hapa.” Kisha akamgeukia yeye kwa mara ya kwanza. “Dogo, hilo siyo la kuchezea lakini.”

Mpwa wangu hakubishana. Alisogea kwenye injini, akainama, akaona kipande cha karatasi kilichogandishwa juu ya kifuniko cha mkanda, kimeandikwa Kijapani. Akatoa simu, akawasha programu ya kutafsiri, akaielekeza pale. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika karatasi kama hiyo wanapobadilisha mkanda au kumwaga oili, wakiandika tarehe na kilomita. Hii ilisema mkanda ulibadilishwa mwaka wa 26 wa Heisei, yaani 2014, gari likiwa limetembea kilomita 101,340. Dashibodi ilisoma kilomita 78,000 na ushei.

Alimwita muuzaji, akamwonyesha simu. “Kaka, hili limetembea kurudi nyuma?” Muuzaji aliitazama karatasi kwa muda. “Hivyo Vijapani hata sisi hatuvisomi,” akasema, na aliniambia mimi.

Yadi ya pili mambo yaligeuka. Mpwa wangu, kwa kuchoka nadhani, alianza kwa kusema kwamba analipa taslimu, yote, na akipenda gari analipa leo. “Dogo” ilikufa palepale. Akawa bosi, akaletewa maji ya baridi na kiti cha mwenye ofisi. Ila swali lake la karatasi ya mnada halikupata jibu hata hapo. Kila alipolirudia, aliambiwa kuna mteja mwingine anakuja saa nane, bosi lipia hata nusu tulifunge. Mara tatu aliomba karatasi, mara tatu akatajiwa mteja wa saa nane. Tuliondoka.

Hiyo karatasi si kitu cha kificho. Magari mengi yaliyotumika ya Japani huuzwa kwenye minada kabla ya kupakiwa melini, na mnada mkubwa kuliko yote ni wa kampuni ya USS. Mkaguzi wa mnada hulizunguka gari na kujaza karatasi moja: daraja la jumla, mchoro wa bodi, kilomita. Daraja la 4 au 4.5 ni gari safi. La 3.5 lina makovu ya kawaida. Herufi R au RA maana yake gari lilipata ajali au liliwahi kurekebishwa kwenye fremu. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa kabisa. Mtu yeyote anaweza kujifunza kuisoma kwa jioni moja. Mwagizaji anayenunua kwa kutegemea mnada huitazama kabla ya kutoa hela yake. Ikifika Dar es Salaam ndipo inapopotea, na inapotea zaidi anapoiomba kijana.

Sitaki kuwaonea wauzaji, kwa sababu wengi wao nao ni vijana na maisha yao pale si mepesi. Mara nyingi mshahara wa kudumu ni mdogo au haupo, wanaishi kwa kamisheni, na katikati yupo dalali anayetaka cha juu chake. Anayelipwa kwa gari lililotoka getini hujifunza haraka kuchambua watu: huyu ananunua, huyu anapita. Na kweli wapo wanaopita. Kila wikendi huja makundi ya vijana kupiga picha wakiwa wameegemea Crown, kurekodi video, kuomba gari liwashwe wasikie mlio wa egzosi. Muuzaji aliyewasha gari lile lile mara kadhaa kwa siku bila kuuza ana sababu ya kukunja uso. Ana sababu nyingine yenye uzito zaidi ya kukataa majaribio ya barabarani: gari ambalo halijasajiliwa wala kukatiwa bima haliruhusiwi kutoka nje ya geti, na kijana akiligonga, hasara ni ya mwenye yadi.

Yote hayo nayakubali. Nisichokubali ni uchambuzi wenyewe, kwa sababu unafanywa kwa macho, na macho katika jiji hili yanadanganya. Fedha za Dar es Salaam hazivai suti. Kijana mwenye duka la jumla Kariakoo hushinda kwenye vumbi la maboksi akiwa na ndala. Mwenye bajaji nne anakuja na nguo za kazi. Aliyetoka kuuza madini Mererani huenda amelala kwenye basi usiku kucha. Na yule mwenye suti na funguo za kuazima anaitwa mheshimiwa, anapelekwa ofisini, anakunywa soda na kuondoka.

Nchini Marekani jambo hili limepimwa kwa namba. Mwanazuoni wa sheria Ian Ayres alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1991, kisha mwaka 1995 yeye na Peter Siegelman wakaupanua hadi maduka ya magari zaidi ya 150 ya eneo la Chicago. Waliwatuma watu waliofundishwa kujadiliana bei ya gari jipya kwa maneno yale yale, wamevaa mavazi yanayofanana, wote wakiwa na umri wa kati ya miaka 28 na 32 ili umri usiingilie hesabu. Kilichotofautiana ni rangi na jinsia tu. Bei ya mwisho waliyopewa wanaume weusi ilizidi ya wanaume weupe kwa takriban dola 1,100. Wanawake nao, weusi na weupe, walitajiwa bei ya juu kuliko wanaume weupe. Muuzaji alikuwa amekwisha kuamua nani anajua bei na nani hajui kabla mtu hajafungua mdomo. Hapa kwetu kipimo si rangi, bali umri na mavazi, na kwa mabinti ni zaidi. Binti wa miaka 25 anayeulizia Altezza ya gia za mkono huulizwa kwanza kama mume analifahamu gari lenyewe.

India walipata somo la wazi zaidi. Januari 2022 katika mji wa Tumakuru, jimbo la Karnataka, mkulima mmoja aliingia na wenzake kwenye duka la Mahindra kuangalia Bolero ya kubebea mizigo. Muuzaji alimwambia hata rupia 10 hana mfukoni. Mkulima aliondoka, akarudi baada ya muda mfupi na rupia 1,000,000 taslimu, akataka gari lake siku hiyo hiyo. Duka ndilo lililoshindwa kulitoa. Habari ilizunguka nchi nzima hadi Anand Mahindra, mwenyekiti wa kampuni, akaandika hadharani kwamba kulinda utu wa mtu ni miongoni mwa misingi yao, na anayeukiuka atashughulikiwa.

Lakini kupuuzwa, kwa uchungu wake wote, kunamwacha kijana na fedha zake. Upande wa pili ndio unaonitisha.

Mapenzi ya vijana wetu kwa magari haya hayakuanza juzi. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wa vijiji vya njiani walipanga foleni kuiona. Colin McRae aliishinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akarudia na Impreza mwaka 2000, na Patrick Njiru wa Kenya alikuwa ameshalifanya jina la Subaru kuwa la nyumbani. Kizazi kilichofuata kilikutana na Fairlady Z kwenye filamu ya Tokyo Drift ya mwaka 2006, na WRX kwenye gemu za Gran Turismo. Kijana anapofika yadi, gari hilo amelijua tangu akiwa darasa la tano. Anajua nguvu zake, namba ya injini yake, tofauti ya modeli moja na nyingine. Asichokijua ni hili moja lililo mbele yake, limepitia nini. Hapo ndipo muuzaji mwaminifu angemfaa sana, na hapo ndipo wengi humnyamazia.

Chukua Mazda RX-8, gari zuri la milango inayofunguka kama kabati, lililotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012. Kijana akiangalia kwenye kadi anaona injini ya sisi 1,308 na kudhani ni ya kubana mafuta kama Vitz. Injini hiyo haina pistoni. Ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka, na imetengenezwa makusudi ichome oili kidogo kidogo ili kulainisha mihuri ya ncha za rota. Maana yake mwenye gari lazima avute kijiti cha oili mara kwa mara na kuongeza. Ukiliwasha asubuhi ukalizima kabla halijapata moto, petroli inaweza kujaa ndani likagoma kuwaka tena. Mihuri ikichoka, mgandamizo hupotea, na dalili yake ya kwanza ni gari kusumbua kuwaka likiwa la moto. Mgandamizo wa rota hupimwa kwa kifaa chake maalumu, na mafundi wenye kifaa hicho hapa mjini ni wachache. Muuzaji anayemkabidhi kijana funguo za RX-8 bila kumwambia neno kuhusu oili amemuuzia injini iliyokufa, hata kama siku ile inanguruma vizuri.

WRX nazo zina yao. Mkanda wa taimingi wa injini zile za EJ hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa hiyo yadi ikirudisha kilomita nyuma haimdanganyi mnunuzi kuhusu umri wa gari tu, inamfichia siku ambayo mkanda utakatika na kupindisha valvu. Modeli za STI za Japani zilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke kwenye matangazo hadi mwaka 2004, na zilitengenezwa zinywe petroli ya daraja la juu ambayo kule huuzwa hadi oktani 100. Kijana aambiwe hilo kabla hajalipa, ajue gari linamtaka aweke mafuta gani na litamgharimu shilingi ngapi kwa wiki.

Halafu tairi. Naliandika hili nikimwomba kila mzazi na kila kijana alishike. Magari mengi yanayotoka kaskazini mwa Japani hushuka bandarini yakiwa na tairi za theluji. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kushika barafu, na kwenye lami yetu ya moto huisha haraka na kurefusha umbali wa kusimama. Pembeni ya maandishi hayo kuna tarakimu nne: 1215 ni wiki ya 12 ya mwaka 2015. Nimeona gari la farasi 280 likiuzwa na tairi za namna hiyo, za zaidi ya miaka 8, kwa kijana aliyepata leseni mwaka huo huo, na neno pekee alilopewa wakati anatoka getini lilikuwa “bosi, pole pole”.

Kisheria kijana huyu si mtoto. Akitimiza miaka 18 ana uwezo kamili wa kuingia mkataba, sawa na mjomba wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji, na chombo cha kupeleka malalamiko kipo, Tume ya Ushindani, FCC. Kilomita zilizorudishwa nyuma ni udanganyifu, hata yadi ikiita ni kusafisha dashibodi.

Wenye yadi wajue pia kwamba kijana wanayemcheka ana pa kwenda. Anaagiza mwenyewe Japani kwa simu, karatasi ya mnada anatumiwa kabla ya kulipa, na anajibiwa barua pepe zake kwa adabu bila mtu kutazama ndala zake. Njia hiyo ina mitego yake, na mkubwa ni ushuru. Mamlaka ya Mapato, TRA, hukokotoa kwa thamani yake yenyewe, si kwa bei uliyolipa, na gari lenye zaidi ya miaka 10 hubeba ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya umri, lile la miaka 8 hadi 10 asilimia 15. Vijana wengi wamekwama bandarini kwa kutojua hilo, gari likila gharama za kuhifadhiwa kila siku. Kikokotoo cha TRA kiko wazi kwenye mtandao. Kitumie kabla ya kutuma hata senti. Mpwa wangu ndiko alikoishia. Aliagiza mwenyewe, daraja la 4, kilomita zinasomeka kwenye karatasi na kwenye dashibodi namba zile zile. Cha juu cha dalali na kamisheni ya muuzaji hakuvipata mtu yeyote hapa mjini.

Ombi langu kwa wenye yadi ni hili. Bandikeni karatasi ya mnada kwenye kioo cha kila gari la spoti, pembeni ya bei. Atakayekuja kupiga picha ataisoma, na atakayekuja kununua hatahitaji kuibembeleza. Wafundisheni wauzaji wenu kumkabidhi funguo yule anayelipa.

Na wewe kijana unayekwenda yadi wikendi hii, nenda na fundi wako, siyo wa kwao. Fika mapema, gusa boneti: kama ni la moto, wameliwasha kabla yako, subiri lipoe uliwashe likiwa baridi. Kama ni RX-8 fanya kinyume, lipate moto, lizime, kisha liwashe tena. Tafuta karatasi za Kijapani kwenye injini na kwenye nguzo ya mlango, elekeza simu, soma kilomita. Soma tairi. Ulizia bima kubwa ya gari hilo kabla, siyo baada. Wakikutajia mteja wa saa nane, mwache mteja wa saa nane alichukue. Na wakikuuliza mzee yuko wapi, waambie mnunuzi ni wewe, na unaomba karatasi ya mnada. Wasipoitoa, yadi ya jirani nayo iko wazi hadi jioni.